Kufundisha Kilatini kwa Wanafunzi Wachanga wa Mbulu na Hanang: Nafasi ya Kiswahili, Kiiraqw na Kidatooga katika Ufafanuzi wa Sarufi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ambavyo Kilatini, pamoja na urithi wa maandiko ya kale ya Warumi na Wayunani, vinavyoweza kufundishwa kwa wanafunzi wachanga wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa kuanzia na lugha wanazozijua. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa Kilatini kwa wanafunzi hawa hautokani na lugha yenyewe pekee, bali hutokana pia na njia inayotumika kukifafanua. Vitabu vingi vya Kilatini vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinamdhania mwanafunzi ambaye lugha yake haina jinsi za nomino, haina upatanisho wa kivumishi na nomino, wala haina uhusika wa nomino unaoonekana wazi. Mtoto wa Mbulu au Hanang si mwanafunzi huyo. Kwa kutumia uchanganuzi linganishi, makala yanaonyesha kuwa upatanisho wa Kiswahili, jinsi na viambatizi vya uhusika vya Kiiraqw, na uhusika wa kitoni wa Kidatooga ni nyenzo zilizo tayari vinywani mwa wanafunzi. Aidha, yanajadili msamiati, matamshi na fasihi, na kuonyesha mipaka ya mbinu inayopendekezwa.

1.0 Utangulizi

Kilatini hakina leo jamii ya watu wanaokipata kama lugha ya kwanza. Hata hivyo, hakijatoweka. Hutumika katika hati za Kanisa Katoliki, katika majina ya kisayansi ya mimea na wanyama, na katika istilahi za sheria na tiba. Afrika Mashariki ilikipokea hasa kwa mlango wa Kanisa. Seminari kuu ya Katigondo, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1911, na seminari zilizofuata katika eneo hili, ziliwalea mapadre wa kwanza wenyeji kwa masomo ambayo Kilatini kilikuwa msingi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifungua njia ya lugha za watu kutumika katika liturujia, lakini haukukiondoa Kilatini katika malezi ya mapadre. Kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka waseminari wakielewe Kilatini vyema, baada ya kufundishwa kwa makini lugha yao wenyewe.

Mpangilio huo wa kanuni unastahili kuzingatiwa na mwanaisimu: lugha ya nyumbani hutajwa kwanza, Kilatini hufuata. Katika utendaji, mara nyingi mambo huwa kinyume. Kijana hufika darasa la Kilatini akiwa na lugha tatu: lugha ya nyumbani, Kiswahili alichosomea shule ya msingi, na Kiingereza kinachotumika kufundishia sekondari. Hufafanuliwa lugha ya nne kwa kutumia ile ya tatu, ambayo ndiyo anayoimudu kwa kiwango cha chini zaidi. Matokeo yake ni kukariri majedwali: mwanafunzi huweza kutaja maumbo yote ya nomino *mensa* bila kutambua kwamba neno hilo ndilo asili ya *meza* anayoandikia.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: iwapo ufafanuzi ungeanzia katika lugha ambazo mtoto anazimudu, ni sehemu zipi za Kilatini zingemfungukia kwa urahisi, na ni zipi zingebaki ngumu?

2.0 Mandhari ya Kiisimu ya Mbulu na Hanang

Eneo linalozunguka Mbulu lina nafasi ya pekee katika isimu ya Afrika. Kiiraqw, lugha ya Kikushi, huzungumzwa katika nyanda za juu za Mbulu na maeneo mengi ya jirani. Kidatooga, lugha ya Kiniloti, huzungumzwa na wafugaji, wakiwemo Wabarabaig wa Hanang. Lugha za Kibantu, kama vile Kinyaturu na Kinyiramba, zimepakana na eneo hili upande wa kusini na magharibi. Kihadzabe, ambacho wanaisimu wengi leo hukichukulia kuwa lugha pweke, kinazungumzwa katika bonde la Yaeda na pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Kießling, Mous na Nurse (2008) wamelijadili eneo hili kama ukanda ambamo lugha za asili tofauti zimeishi pamoja kwa muda mrefu hata zikaazimana sifa za kisarufi.

Kwa hiyo, mtoto anayekulia Dongobesh, Haydom, Katesh au Bassotu amezoea tangu utotoni kwamba jambo moja huweza kusemwa kwa miundo tofauti kabisa. Mara nyingi mazoea hayo hayahesabiwi darasani. Lugha ya nyumbani hutazamwa kama kikwazo kinachopaswa kuachwa getini. Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Darasa la Kilatini humfundisha mtoto wa Kidatooga kwamba kuna kitu kiitwacho uhusika, na kwamba kitu hicho ni alama ya lugha ya wasomi. Lakini halimwambii kwamba bibi yake hukitumia kila siku anapowaita ndama.

3.0 Upatanisho: Mahali pa Kuanzia

Vitabu vingi huanza na jedwali la nomino. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mahali rahisi pa kuanzia ni upatanisho wa kisarufi. Katika Kilatini, kivumishi hupatana na nomino kijinsi, kiidadi na kiuhusika. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. *Mons altus est.* – Mlima ni mrefu.
b. *Casa alta est.* – Nyumba ni ndefu.
c. *Templum altum est.* – Hekalu ni refu.

Mwanafunzi anayezungumza Kiingereza huuliza kwa nini neno lenye maana moja libadilike mara tatu. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuuliza hivyo, kwani tafsiri yenyewe imebadilika mara tatu: *mrefu, ndefu, refu*. Tofauti ni mahali pa alama. Kiswahili huweka kiambishi cha upatanisho mwanzoni, Kilatini huweka mwishoni. Mwalimu akisema kuwa Kilatini kina ngeli tatu zinazoonekana mkiani badala ya kichwani, atakuwa amesema jambo ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulifanyia kazi papo hapo.

Mfano wenye mvuto zaidi upo shambani. Mbulu inafahamika kwa kilimo cha vitunguu saumu. Jina la kisayansi la zao hilo ni *Allium sativum*. Mpunga huitwa *Oryza sativa*, na figili huitwa *Raphanus sativus*. Kivumishi ni kimoja, chenye maana ya kitu kilichopandwa au kinacholimwa. Kimevaa umbo lisilo la kiume wala la kike kwa kitunguu saumu, umbo la kike kwa mpunga, na umbo la kiume kwa figili. Wanyama nao hutoa mifano: tembo ni *Loxodonta africana*, mbwa mwitu ni *Lycaon pictus*, yaani aliyepakwa rangi, na faru mweusi ni *Diceros bicornis*, yaani mwenye pembe mbili. Mwanafunzi anayeelewa mifano hii amepata sarufi na baiolojia kwa pamoja.

Mzungumzaji wa Kiiraqw ana faida ya ziada. Kama alivyoeleza Mous (1993), Kiiraqw kina jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Jinsi hizo hujitokeza katika viambishi vinavyounganisha nomino na vibainishi vyake. Kwa jumla, sauti /k/ au /w/ huandamana na jinsi ya kiume, na /r/ au /t/ huandamana na jinsi ya kike. Kwa hiyo, dhana kwamba kitu kisicho na uhai huweza kuwa cha kike kisarufi si ngeni kwake.

Hata hivyo, mifumo hii haifanani katika kila jambo, na mwalimu hana budi kusema hivyo. Katika Kiiraqw, nomino ya jinsi ya tatu huandamana na umbo la kitenzi linalotumika pia kwa wingi, na nomino inaweza kuwa ya jinsi moja katika umoja na ya jinsi nyingine katika wingi. Katika Kilatini, nomino kwa kawaida hubaki na jinsi yake, na kitenzi hufuata idadi. Jambo la kuvutia ni kwamba Kiyunani cha kale kilikwenda kinyume cha Kiiraqw: nomino za jinsi ya tatu zilizo katika wingi ziliandamana na kitenzi cha umoja. Mwanafunzi wa Mbulu anayefahamu hilo anatambua kuwa kile kilichoitwa upekee wa lugha yake ni sehemu ya tabia pana za lugha za binadamu.

4.0 Kitenzi: Kioo Kinachogeuza Upande

Kitenzi cha Kilatini hubeba nafsi na njeo ndani ya neno moja, kama kifanyavyo kitenzi cha Kiswahili. Linganisha:

(2) a. *lauda-bi-mus* (sifu – wakati ujao – sisi)
b. *tu-ta-sifu* (sisi – wakati ujao – sifu)

Viungo ni vilevile vitatu. Mpangilio umegeuka kama sura katika kioo. Kiswahili huanza na nafsi, kikafuatia njeo, kisha mzizi. Kilatini huanza na shina, kikafuatia njeo, kisha nafsi. Kwa sababu hiyo, kiwakilishi huru hakilazimiki katika lugha zote mbili. *Amat* ni *anapenda*, na hakuna haja ya kutaja *yeye*. Kauli ya kutendwa nayo huonekana ndani ya neno: *laudatur* ni *anasifiwa*. Anayefafanua maumbo haya kwa Kiingereza hulazimika kutumia maneno mawili au matatu mahali ambapo lugha hizi mbili hutumia moja.

Hali ya amri hutoa mfano mwingine. *Ora* ni *omba*. *Orate* ni *ombeni*. *Veni* ni *njoo*. *Venite* ni *njooni*. Kiambishi tamati *-te* kinafanya kazi ya *-ni*. Mtoto aliyekulia katika familia ya Kikatoliki amesikia itikio la litania *ora pro nobis*, ambalo kwa Kiswahili ni *utuombee*. Hapa kuna somo zima la sarufi: kazi inayofanywa na kihusishi *pro* katika Kilatini hufanywa katika Kiswahili na kiambishi cha kauli ya kutendea.

Dhamira tegemezi, ambayo huwasumbua wanafunzi wengi, ina mlango rahisi kuliko yote:

(3) a. *orat* – anaomba. *Oret* – aombe
b. *oramus* – tunaomba; *oremus* – tuombe
c. *amat* – anapenda. *Amet* – apende

Katika kundi la kwanza la vitenzi vya Kilatini, irabu *a* hugeuka kuwa *e*. Katika vitenzi vya Kiswahili vyenye asili ya Kibantu, irabu ya mwisho *a* nayo hugeuka kuwa *e*. Ufanano huu ni wa kibahati. Hautokani na udugu wa lugha hizi. Tena una mipaka pande zote mbili. Katika kundi la pili la Kilatini mambo hugeuka, *habet* ikawa *habeat*. Na katika Kiswahili, vitenzi vya mkopo kama *sifu* havibadilishi irabu: *tunasifu* na *tusifu* hutofautishwa kwa kiambishi cha njeo pekee. Mwalimu anayetaja mipaka hiyo tangu mwanzo anamkinga mwanafunzi na kosa la kudhani kuwa kila ufanano ni kanuni.

5.0 Uhusika: Mahali ambapo Kiswahili Hakitoshi

Uhusika ni mabadiliko ya umbo la nomino yanayoonyesha kazi yake katika sentensi. Kiswahili hakina mfumo huo, isipokuwa kiambishi cha mahali *-ni*. Kiswahili hutegemea mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi. Chunguza:

(4) a. *Pastor bovem videt.* – Mchungaji anamwona ng'ombe.
b. *Bovem pastor videt.* – Mchungaji anamwona ng'ombe.
c. *Pastorem bos videt.* – Ng'ombe anamwona mchungaji.

Katika (4a) na (4b) mpangilio umebadilika, lakini anayeona ni yuleyule, kwa kuwa umbo *bovem* humtambulisha ng'ombe kuwa yambwa. Katika Kiswahili, kubadilisha nafasi za nomino hizo mbili bila kiimbo maalumu hubadilisha maana, kwani *mchungaji* na *ng'ombe* hupatana sawa na kitenzi *anamwona*.

Hapa ndipo Kidatooga kinapoingia. Kießling (2007) ameonyesha kwamba Kidatooga hubainisha kiima kwa toni: nomino inayofanya kazi ya kiima baada ya kitenzi hupata ruwaza ya toni inayoitofautisha na umbo lake la msingi. Kwa maneno mengine, Mdatooga husikia uhusika, ilhali msomaji wa Kilatini huuona. Tofauti nyingine ni kwamba katika Kidatooga umbo lenye alama ni la kiima, na umbo la yambwa ndilo la msingi. Katika Kilatini ni umbo la kiima linalotajwa kwanza katika kamusi. Licha ya tofauti hizo, wazo ni moja: nomino hubadilika kulingana na kazi yake. Mwalimu asiyejua Kidatooga anaweza kumwomba mwanafunzi aseme sentensi mbili, moja ambamo ng'ombe anamwona mtu na nyingine ambamo mtu anamwona ng'ombe, kisha darasa lisikilize namna jina la ng'ombe linavyosikika katika kila sentensi. Mwanafunzi ndiye anakuwa mjuzi wa darasa kwa dakika hizo.

Kiiraqw nacho hutoa msaada katika uhusika ulio mgumu kuliko mwingine katika Kilatini, yaani ablativu. Umbo hili moja hubeba maana nyingi: mahali pa kutokea, chombo, na sababu.

(5) a. *Roma venit.* – Anatoka Roma.
b. *Baculo pugnat.* – Anapigana kwa fimbo.
c. *Fame perit.* – Anakufa kwa njaa.

Kiswahili huunganisha (5b) na (5c) kwa *kwa*, na kutenga (5a) kwa *kutoka* au kwa kitenzi chenyewe. Kiiraqw, kwa mujibu wa Mous (1993), kina viambatizi vinne vya uhusika wa kielezi vinavyotokea kabla ya kitenzi: cha kuelekea, cha kutokea, cha chombo au njia, na cha sababu. Hivyo, mzungumzaji wa Kiiraqw hutenganisha maana zote tatu za (5). Zoezi linalofaa ni kumpa sentensi za Kilatini zenye ablativu na kumwuliza: kwa lugha ya nyumbani, ungetumia kiambatizi kipi? Jibu lake humwonyesha mwalimu kama maana imeeleweka, na humwonyesha mwanafunzi kwamba lugha yake ina upambanuzi ambao Kilatini hakina.

Umilikishi unakamilisha ulinganisho huu. Katika *baculum patris* (fimbo ya baba), Kilatini hubadilisha umbo la mmiliki. Kiiraqw hubadilisha umbo la kinachomilikiwa. Kiswahili hakibadilishi nomino yoyote, bali huweka kihusishi *-a* kinachopatana na kinachomilikiwa. Mikakati mitatu ya uhusiano mmoja, yote ikiwa ndani ya darasa moja, ni utajiri ambao walimu wa Kilatini wa sehemu nyingi za dunia hawana.

6.0 Alfabeti na Matamshi

Herufi zinazotumika kuandika Kiswahili, Kiiraqw na Kidatooga zinatokana na alfabeti ya Warumi. Mtoto wa Mbulu ana jambo moja zaidi: maandishi ya Kiiraqw hutumia *q* na *x*, herufi ambazo tahajia sanifu ya Kiswahili haizitumii, ingawa Kilatini kilizitumia. Thamani za sauti hazifanani, lakini sura za herufi si ngeni.

Urefu wa irabu ni suala zito zaidi. Kilatini kina irabu tano, kila moja ikiwa fupi au ndefu, na urefu hutofautisha maana: *liber* yenye *i* fupi ni kitabu, na yenye *i* ndefu ni huru, *malum* yenye *a* fupi ni uovu, na yenye *a* ndefu ni tofaa. Kiiraqw nacho kina irabu tano fupi na ndefu, na huandika ndefu kwa kurudia herufi. Mwanafunzi akiruhusiwa kuandika *maalum* na *malum* katika daftari lake, ataona tofauti ambayo mstari mdogo juu ya herufi huificha.

Kwa upande mwingine, mkazo ni eneo ambalo Kiswahili hupotosha. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kilatini hukaa hapo iwapo silabi hiyo ni nzito. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Ndiyo maana *dominus* hutamkwa kwa mkazo kwenye *do*, wala si kwenye *mi*. Mwalimu anapaswa pia kuchagua kati ya matamshi ya Kanisa, ambamo *c* kabla ya *e* na *i* husikika kama *ch*, na matamshi ya kale, ambamo husikika kama *k*. Uchaguzi wowote unafaa mradi udumishwe.

7.0 Maneno Yaliyokwisha Kufika

Kilatini kimeingia katika Kiswahili kwa njia kadhaa. Kwa njia ya Kireno kulikuja *meza* (kutoka *mensa*) na *mvinyo* (kutoka *vinum*). Kwa njia ya Kijerumani kulikuja *shule*, ambayo asili yake ni *schola* ya Kilatini na kabla yake neno la Kiyunani. Kwa njia ya Kiarabu kulikuja *dinari* (kutoka *denarius*) na *kasri* (kutoka *castra*, kambi), pamoja na maneno ya Kiyunani kama *kanuni*, *kalamu* na *falsafa*. Kanisa lilileta *misa*, *altare* na *sakramenti*.

Majina ya miezi ni kitendawili kinachowafaa watoto. *Septem* ni saba, *octo* ni nane, *novem* ni tisa na *decem* ni kumi. Mbona Septemba ni mwezi wa tisa na Desemba ni wa kumi na mbili? Jibu ni kwamba mwaka wa kale wa Warumi ulianzia Machi. Julai na Agosti ziliitwa hapo awali mwezi wa tano na wa sita, kabla ya kupewa majina ya Julius Caesar na Augustus. Ndiye Caesar yuleyule ambaye mwanafunzi anaweza kumkuta katika *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare.

Kwa jamii za wafugaji wa Hanang, msamiati wa mifugo ni hazina ya pekee. *Pecunia* (fedha) inatokana na *pecus* (mifugo). *Egregius* (bora) ni aliyetoka nje ya *grex*, yaani kundi. *Pastor* ni mlishaji wa mifugo kabla hajawa kiongozi wa dini, sawa na *mchungaji* wa Kiswahili. Katika mji wa Roma palikuwa na *Forum Boarium*, yaani soko la ng'ombe. Mtoto aliyewahi kumfuata baba yake mnadani hahitaji picha ili aelewe neno hilo.

8.0 Fasihi na Utamaduni

Nchini Uingereza, kitabu cha *Minimus* cha Barbara Bell (1999) kilifanikiwa kuwavuta watoto wa shule za msingi kwa kuwaweka katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa nchi yao, pamoja na panya na familia iliyoishi hapo. Miongoni mwa maandishi yaliyopatikana Vindolanda ni barua ya yapata mwaka 100 B.K. ambayo Claudia Severa alimwandikia Sulpicia Lepidina akimwalika katika siku yake ya kuzaliwa. Siri ya mbinu hiyo ni ujirani: mtoto huanza na Warumi waliofika kwao.

Warumi hawakufika Mbulu. Hata hivyo, ulimwengu wa kale uliifahamu pwani ya Afrika Mashariki. *Periplo ya Bahari ya Erithrea*, iliyoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, inaitaja bandari ya Rhapta, na inalihusisha jina hilo na mashua zilizoshonwa, jambo linalomkumbusha msomaji mtepe wa Waswahili. Kwa ukanda wa bara, ujirani unapatikana katika maisha yenyewe. Kitabu cha tatu cha *Georgica* cha Vergilius kinahusu mifugo, na cha nne kinahusu nyuki. Hayo ni mambo ya kila siku Hanang na Mbulu. Cato, katika kitabu chake cha kilimo, anaeleza tambiko la kuwazungusha nguruwe, kondoo na fahali kwenye mipaka ya shamba ili kulitakasa. Thornton (1980) ameeleza nafasi ya tambiko la *masay* katika kulinda *aya*, yaani eneo la jumuiya ya Wairaqw, na mipaka yake. Ulinganisho huo huwasaidia wanafunzi kuzitazama dini za kale kwa heshima, bila kuziita ushamba.

Katika utanzu wa kishairi, Wairaqw wana *slufay*, sala ya kishairi ambayo mzee huighani na waliohudhuria huitikia. Muundo wa kiongozi na waitikiaji ndio wa litania za Kilatini. Kwa wanafunzi wakubwa zaidi, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Sophocles, *Mfalme Edipode* (1971), ni ushahidi kwamba Kiswahili kimekwisha kubeba urithi huu kwa uwezo wake chenyewe.

9.0 Kielelezo cha Vipindi vya Mwanzo

Kutokana na mjadala huu, mfuatano ufuatao unapendekezwa kwa wiki za mwanzo. Kwanza, msamiati unaofahamika kwa njia ya Kiswahili. Pili, sentensi za *est* zenye vivumishi, zikihusu mlima Hanang, ziwa, nyumba na mnada, ili upatanisho uonekane. Tatu, amri za umoja na wingi, zikitendwa kwa mwili darasani: *veni*, *venite*, *sede*, *sedete*. Nne, kitenzi cha wakati uliopo na ujao, kikichambuliwa sambamba na cha Kiswahili. Tano, kiima na yambwa, kwa msaada wa wazungumzaji wa Kidatooga. Majedwali yaje mwisho, yakiwa muhtasari wa kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukiona kikifanya kazi.

10.0 Pingamizi na Mipaka

Pingamizi la kwanza ni la kisiasa: je, si ajabu kuwafundisha watoto wa Tanzania lugha ya dola la kale la Ulaya, ilhali lugha zao hazina nafasi shuleni? Historia inatahadharisha. Nchini Malawi, Kamuzu Academy, iliyofunguliwa mwaka 1981 kwa maono ya Rais Banda, iliweka Kilatini na Kiyunani katikati ya elimu ya wateule wachache kama kipimo cha ustaarabu. Mbinu inayopendekezwa hapa inakwenda upande mwingine: Kilatini si kipimo cha lugha za nyumbani, bali kisingizio kizuri cha kuzichunguza.

Pingamizi la pili ni la utendaji. Walimu wengi hawazungumzi Kiiraqw wala Kidatooga, na darasa huwa na wanafunzi wa lugha mbalimbali. Jibu ni kwamba mbinu hii haimtaki mwalimu ajue kila lugha. Inamtaka aulize na asikilize. Hata hivyo, mwanafunzi asitengwe kwa kufanywa kielelezo cha kabila lake. Anayeombwa mfano aombwe kama mjuzi, na anayependa kunyamaza aachwe.

Tatu, ulinganisho hauchukui nafasi ya kusoma. Atakayefahamu Kilatini ni yule atakayesoma matini mengi, na matini mepesi yenye ufafanuzi wa Kiswahili ndiyo yanayohitajika zaidi.

11.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa sehemu kubwa ya sarufi ya Kilatini, kuanzia upatanisho, unyambulishaji wa kitenzi, dhamira tegemezi na jinsi, hadi uhusika, ina mwenzake katika lugha moja au zaidi za Mbulu na Hanang. Kiswahili hufungua kitenzi na upatanisho. Kiiraqw hufungua jinsi, urefu wa irabu na maana za ablativu. Kidatooga hufungua wazo la uhusika wenyewe. Mwanafunzi anayepitia njia hii hujifunza Kilatini kwa muda mfupi wa kukariri na mrefu wa kufikiri. Zaidi ya hayo, hugundua kwamba lugha ya mama yake ina sarufi inayoweza kuandikwa ubaoni kando ya ile ya Vergilius. Iwapo baadaye atakisahau Kilatini, kama wengi wasahauvyo, jambo hilo la pili litakuwa limetosha kuhalalisha vipindi alivyotumia.